Usuluhishi wa Migogoro ya Kimataifa Kati ya Vita Kuu Mbili: Jinsi ya Kumtumia Seán Lester katika Somo la Historia

UTANGULIZI

Shirikisho la Mataifa ni mojawapo ya mada za historia ambazo hufundishwa upesi na kusahauliwa upesi. Mara nyingi mwalimu huandika ubaoni mwaka wa kuanzishwa kwa Shirikisho hilo, yaani 1920, kisha huorodhesha sababu za kushindwa kwake: Marekani haikujiunga; Shirikisho halikuwa na jeshi; maamuzi makubwa yalihitaji kukubaliwa na wajumbe wote; Japani, Ujerumani na Italia zilijitoa. Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huzirudisha sababu zile zile kwa mpangilio ule ule.

Hatusemi kwamba sababu hizo ni za uongo. Tunasema kwamba orodha haielezi jambo. Mwanafunzi aliyeikariri hawezi kutuambia kwa nini Shirikisho hilo hilo, likiwa na upungufu huo huo, lilifaulu kuzima vita mahali fulani mwaka 1933, na likashindwa kuulinda mji mmoja miaka mitatu baadaye. Lililo baya zaidi ni kwamba hutoka darasani akiamini kuwa usuluhishi ni kazi bure, na kwamba mkubwa hutenda apendavyo na mdogo hana la kufanya. Imani hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ya hatari. Kijana anayekua nayo hatajifunza kamwe kuuliza ni wakati gani usuluhishi hufaa na ni wakati gani haufai.

Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine. Badala ya kuanza na Shirikisho zima, mwalimu aanze na mtu mmoja aliyelitumikia, naye ni Seán Lester, mwanadiplomasia wa Ayalandi. Lester alipewa migogoro ya aina mbalimbali. Mmoja aliumaliza, mwingine ulimshinda, na wa tatu ulimwondoa yeye mwenyewe. Kwa kuwa mtu alikuwa yule yule na chombo alichokitumikia kilikuwa kile kile, mwanafunzi hulazimika kutafuta tofauti mahali pengine, yaani katika mazingira ya kila mgogoro. Kutafuta huko ndiko kujifunza historia.

LESTER ALIKUWA NANI?

Seán Lester alizaliwa mwaka 1888 karibu na mji wa Carrickfergus, kaskazini ya Ayalandi, katika familia ya Kiprotestanti. Wakati huo kisiwa chote kilikuwa chini ya Uingereza, na Waprotestanti wengi wa kaskazini waliuunga mkono utawala huo. Lester alifuata njia nyingine. Angali kijana alivutwa na harakati za kuihuisha lugha ya Kiayalandi, na baadaye na harakati za kudai uhuru. Kazi yake ilikuwa uandishi wa habari, naye akafikia kuwa mhariri wa habari katika gazeti moja la Dublin. Dola Huru la Ayalandi lilipoundwa mwaka 1922, alijiunga na Idara ya Mambo ya Nje muda mfupi baadaye. Mwaka 1929 alipelekwa Geneva, Uswisi, kuwa mjumbe wa kudumu wa nchi yake katika Shirikisho la Mataifa.

Ayalandi ilikuwa mwanachama wa Shirikisho tangu 1923, na mwaka 1930 ilichaguliwa kuingia katika Baraza kwa kipindi cha miaka mitatu. Hapa mwalimu hana budi kueleza muundo kwa ufupi. Mkutano Mkuu ulikuwa wa wanachama wote. Baraza lilikuwa dogo zaidi, likiwa na mataifa makubwa yenye viti vya kudumu, pamoja na mataifa mengine yaliyochaguliwa kwa muda. Migogoro ya hatari ilipelekwa mbele ya Baraza. Mara nyingi Baraza liliunda kamati ndogo ya kushughulikia mgogoro, na mjumbe wa nchi ndogo, isiyo na makoloni wala biashara kubwa katika eneo la ugomvi, alifaa sana kuiongoza kamati hiyo kwa kuwa hakushukiwa na upande wowote. Hivyo ndivyo Lester alivyojikuta akiongoza kamati ya wajumbe watatu, yeye pamoja na wajumbe wa Hispania na Guatemala, kuhusu ugomvi wa nchi ambazo zilikuwa mbali sana na kwao.

MGOGORO WA KWANZA: LETICIA

Leticia ni mji mdogo ulio ukingoni mwa Mto Amazoni, mahali ambapo mipaka ya Kolombia, Peru na Brazili hukutana. Kwa mkataba wa mwaka 1922, Peru ilikubali kuiachia Kolombia sehemu hiyo ili nayo ipate kuufikia mto huo mkubwa. Makabidhiano yalifanyika mwaka 1930. Lakini wakazi wengi wa jimbo la Peru lililopakana na sehemu hiyo hawakuridhika. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1932, kundi la raia wa Peru wenye silaha liliuvamia mji wa Leticia na kuwafukuza maofisa wa Kolombia.

Mwanzoni serikali ya Peru ilijitenga na kitendo hicho, ila iliona jinsi kilivyopendwa na wananchi, nayo ikaanza kukitetea. Kolombia kwa upande wake haikuwa na barabara ya kupeleka askari Leticia, kwani misitu mikubwa ilitenganisha mji huo na sehemu nyingine za nchi. Ikapeleka meli kwa njia ya bahari ya Atlantiki hadi mlango wa Amazoni, kisha zikaupanda mto huo kupitia Brazili. Mnamo Februari 1933 mapigano yalianza. Brazili ilikuwa imejaribu kusuluhisha kwa kupendekeza kwamba yenyewe ishike Leticia kwa muda na kisha kuirudisha kwa Kolombia, lakini mazungumzo hayo yalivunjika. Kolombia ikapeleka shauri lake rasmi mbele ya Baraza la Shirikisho.

Tuitazame kwa makini hali iliyoikabili kamati ya Lester, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Kisheria mambo yalikuwa wazi: mkataba ulikuwepo, ulikuwa umesainiwa na kuthibitishwa, na Leticia ilikuwa mali ya Kolombia. Mnamo Machi 1933 Baraza lilipokea taarifa iliyosema hivyo na kuitaka Peru iondoe majeshi yake. Peru ilikataa. Basi kujua nani mwenye haki hakukutosha kumaliza ugomvi. Serikali ya Peru isingeweza kuirudisha Leticia mikononi mwa Kolombia bila kuonekana mbele ya wananchi wake kuwa imeshindwa. Serikali ya Kolombia nayo isingeweza kukubali kwamba mali yake imekuwa ya mabishano.

Ufumbuzi ulikuwa kuuweka mji huo mikononi mwa mtu wa tatu. Kwa mapatano yaliyosainiwa Geneva tarehe 25 Mei 1933, majeshi ya Peru yangeondoka, na Tume ya Shirikisho la Mataifa ingeshika utawala wa Leticia kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Tume hiyo ingetawala kwa niaba ya serikali ya Kolombia, na Kolombia ndiyo ingelipa gharama. Askari wa kulinda amani wangekuwa chini ya amri ya Tume. Katika muda huo pande zote mbili zingekaa na kuzungumza juu ya mambo yote yaliyobaki kati yao.

Mwalimu awaongoze wanafunzi kuona ustadi uliomo katika maneno hayo. Peru ilikabidhi mji kwa Shirikisho la Mataifa, haikuukabidhi kwa adui. Kolombia ilitambuliwa kuwa mwenye mali, kwa kuwa Tume ilitawala kwa niaba yake. Kila upande uliweza kurudi nyumbani na kuwaambia wananchi wake maneno ya kweli ambayo hayakuwa ya aibu. Kwa ufupi, kila upande ulifunguliwa mlango wa kutokea.

Tume ilikuwa na Mmarekani mmoja, Mbrazili mmoja na Mhispania mmoja, na katibu wake alikuwa Mkuba. Iliingia Leticia mwezi Juni 1933. Askari wake walikuwa askari wa Kolombia, lakini walivaa vitambaa vya Shirikisho mikononi na kutii amri ya Tume. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa shirika la kimataifa kulitawala eneo lililogombaniwa na mataifa mawili kwa kutumia askari waliohesabiwa kuwa wa kimataifa. Tarehe 24 Mei 1934, mjini Rio de Janeiro, nchi hizo mbili zilitia saini itifaki ya amani. Peru ilieleza masikitiko yake kwa yaliyotokea, na mkataba wa 1922 ukathibitishwa. Mwezi Juni Leticia ilirudi kwa Kolombia.

Yatupasa kuwa waangalifu tusimfanye Lester kuwa mtenda miujiza. Mambo mengine yalimsaidia. Rais Sánchez Cerro wa Peru, aliyekuwa mkali katika jambo hili, aliuawa tarehe 30 Aprili 1933, na Rais Benavides aliyemfuata alipendelea amani. Mwanasiasa wa Kolombia Alfonso López, aliyefahamiana na Benavides, alikwenda Lima kuzungumza naye. Kadhalika Marekani, ingawa haikuwa mwanachama wa Shirikisho, pamoja na Brazili, zilikubali kushirikiana na Baraza katika shauri hili. Hivyo hapakuwa na taifa kubwa lililotaka vita hivyo viendelee. Kazi ya kamati ilikuwa kuwa na mpango tayari mezani siku nafasi ilipojitokeza.

MGOGORO WA PILI: CHACO

Kamati hiyo ya wajumbe watatu ilishughulikia pia ugomvi wa Bolivia na Paraguai juu ya nyika ya Chaco. Hapa mwalimu asikae sana, lakini asiruke. Bolivia, iliyopoteza pwani yake katika vita vya karne ya 19, ilitaka njia ya kuufikia Mto Paraguai. Paraguai iliihesabu nyika hiyo kuwa sehemu ya nchi yake. Vita kamili vilizuka mwaka 1932. Tofauti na Leticia, hapakuwa na mkataba uliothibitishwa wa kuonyesha mpaka. Isitoshe, wasuluhishi walikuwa wengi mno: majirani, Marekani na mataifa mengine ya bara hilo, pamoja na Shirikisho, na kila upande wa ugomvi uliweza kumkwepa msuluhishi mmoja na kumkimbilia mwingine. Shirikisho lilituma tume yake huko mwishoni mwa 1933, lakini vita viliendelea. Mapigano yalisimamishwa Juni 1935, wakati pande zote zilipokuwa zimechoka, na kwa usuluhishi wa mataifa ya Amerika yaliyokutana Buenos Aires. Mkataba wa amani ulisainiwa mwaka 1938. Kwa makadirio ya kawaida, watu wapatao 100,000 walipoteza maisha.

MGOGORO WA TATU: DANZIG

Mnamo Januari 1934 Lester aliingia katika kazi mpya, ya Kamishna Mkuu wa Shirikisho la Mataifa katika Mji Huru wa Danzig, ambao leo ni Gdańsk nchini Polandi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mji huo wenye wakazi wengi Wajerumani ulitengwa na Ujerumani ili Polandi ipate bandari. Haukupewa Polandi, bali ulifanywa mji huru mwaka 1920 chini ya ulinzi wa Shirikisho. Ulikuwa na katiba yake, bunge lake na serikali yake iliyoitwa Seneti. Kazi ya Kamishna Mkuu ilikuwa kuamua magomvi kati ya Danzig na Polandi, na kuangalia kwamba katiba haivunjwi. Hakuwa na askari hata mmoja.

Chama cha Kinazi kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa Danzig mwezi Mei 1933, kikiwa na wingi mdogo wa kura. Kilitaka kuifuata Ujerumani ya Hitler katika kila jambo, lakini katiba ilikizuia, kwani kuibadilisha kulihitaji theluthi mbili ya wabunge. Katika uchaguzi wa Aprili 1935, pamoja na vitisho vyote na wakuu wa Kinazi waliotoka Ujerumani kuja kuhutubia, hawakuipata theluthi mbili hiyo. Watu wa Danzig waliokuwa wakipinga, wakiwemo wasoshalisti, Wakatoliki na Wayahudi, waliendelea kumpelekea Kamishna Mkuu malalamiko yao: magazeti yamefungwa, mikutano imevunjwa, watu wamepigwa.

Lester aliyapokea malalamiko hayo na kuyafikisha Geneva. Mfano mmoja unafaa kuelezwa kwa ukamilifu. Mwaka 1935 Seneti ilitoa amri zilizomruhusu hakimu kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho hakikutajwa katika sheria, ilimradi kilistahili adhabu kwa mujibu wa maana ya jumla ya sheria na hisia za wananchi. Vyama vya upinzani vililalamika. Baraza liliomba ushauri wa Mahakama ya Kudumu ya Haki za Kimataifa, na tarehe 4 Desemba 1935 Mahakama ikasema kwamba amri hizo hazipatani na katiba ya Danzig. Wanafunzi wakiulizwa kwa nini amri kama hiyo ni ya hatari, watajibu wenyewe bila kusaidiwa: mtu hawezi kujua asubuhi kama jioni atakuwa mhalifu.

Lakini ushauri wa Mahakama ulihitaji mtu wa kuutekeleza, na kufikia hapo mazingira yalikuwa yamebadilika. Ujerumani ilikuwa imetangaza kujitoa katika Shirikisho mnamo Oktoba 1933. Polandi ilikuwa imetia saini mapatano ya kutoshambuliana na Ujerumani Januari 1934, nayo haikutaka kuyaharibu kwa ajili ya haki za wapinzani wa Danzig. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikihangaika na vita vya Italia dhidi ya Ethiopia vilivyoanza 1935, na hazikuwa tayari kugombana na Hitler kwa sababu ya mji mmoja.

Mwezi Juni 1936 manowari ya Kijerumani iitwayo Leipzig ilitembelea Danzig, na kamanda wake, kwa amri kutoka Berlin, alikataa kwenda kumwamkia Kamishna Mkuu kama desturi ilivyotaka. Tarehe 4 Julai 1936 mkuu wa Seneti, Arthur Greiser, alisimama mbele ya Baraza mjini Geneva na kudai kwamba Lester aondolewe. Akiondoka alipiga saluti ya Kinazi, na waandishi wa habari walipomcheka, akawabeua kwa ishara ya mkono puani. Baraza halikumwadhibu. Miezi michache baadaye Lester alipewa cheo cha Naibu Katibu Mkuu wa Shirikisho, naye akaondoka Danzig mwanzoni mwa 1937. Kwa macho ya nje alipandishwa cheo. Kwa kweli alikuwa ameondolewa njiani. Katika kipindi hicho hicho chama cha wasoshalisti wa Danzig kilipigwa marufuku. Tarehe 1 Septemba 1939 Vita Kuu ya Pili ilianza, na mizinga yake ya kwanza ilipigwa huko huko Danzig.

KULINGANISHA MIGOGORO HIYO

Baada ya masimulizi, mwalimu achore jedwali ubaoni lenye safu tatu: Leticia, Chaco na Danzig. Upande wa kushoto aandike maswali yafuatayo, na wanafunzi wajaze wenyewe.

1. Je, haki ya kila upande ilikuwa imeandikwa mahali ambapo wote walikubali?

2. Je, pande zote mbili zilitaka ugomvi uishe, au mmoja wao alinufaika ukiendelea?

3. Je, msuluhishi alikuwa na kitu cha kuupa kila upande ili ujitoe bila aibu?

4. Je, mataifa yenye nguvu yaliunga mkono uamuzi, yaliupuuza, au yaliupinga?

5. Je, msuluhishi alikuwa mmoja, au walikuwa wengi walioshindana?

Majibu yakishajazwa, jambo moja litaonekana wazi. Katiba ya Danzig ilikuwa wazi kama mkataba wa Leticia. Kilichokosekana Danzig hakikuwa sheria. Upande mmoja haukutaka mlango wa kutokea, kwa sababu haukuwa na nia ya kutoka, na wale walioweza kuulazimisha walinyamaza. Mwanafunzi akifika hapo, ile orodha ya sababu za kushindwa kwa Shirikisho itaanza kumwingia akilini. Ataelewa kwamba ukosefu wa jeshi haukuwa na uzito ule ule katika kila mgogoro. Leticia askari wachache walitosha, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwapiga. Danzig hakuna hata aliyethubutu kuuliza kama askari wapelekwe.

UTARATIBU WA KUFUNDISHA

Tunashauri somo hili lichukue vipindi viwili vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza kianze na jambo wanalolijua wanafunzi. Mwalimu aulize: wanakijiji wawili wakigombania mpaka wa shamba, na mmoja amekwisha kulima sehemu ya mwenzake, wazee hufanya nini? Majibu yatakuwa mengi, na baadhi yatasema kwamba sehemu inayogombaniwa isilimwe na yeyote mpaka shauri limalizike. Hapo mlango wa kuingilia Leticia umekwisha funguliwa. Mwalimu aonyeshe ramani ya Amerika ya Kusini, aeleze chanzo cha ugomvi, kisha asimame. Asiseme ulivyomalizika.

Darasa ligawanywe katika makundi matatu: Peru, Kolombia na kamati ya Baraza. Kila kundi lipewe karatasi yenye maelezo mafupi ya msimamo wake na ya kile ambacho serikali yake haiwezi kukikubali mbele ya wananchi. Kwa dakika 15 kamati ijaribu kupata mapatano. Mwalimu atarajie matatizo mawili. La kwanza, kamati itataka kuugawa mji nusu kwa nusu. Asiizuie, aliulize kundi la Kolombia kama mwenye mali aliyenyang'anywa ataridhika kurudishiwa nusu. La pili, kundi la Peru litashikilia kukataa kila kitu. Hapo aiulize kamati: ni maneno gani mtakayompa mjumbe wa Peru ayaseme atakaporudi Lima? Mwishoni mwa kipindi ndipo mwalimu asome masharti ya mapatano ya Mei 1933, na wanafunzi wayalinganishe na yao.

Kipindi cha pili kiwe cha masimulizi ya Chaco, kwa ufupi, na ya Danzig, kwa kirefu, kisha jedwali na majadiliano. Baada ya hapo mwalimu arudi kwenye mfano wa wazee wa kijiji na kuuonyesha upungufu wake. Wazee husikilizwa kwa sababu kijiji kizima kiko nyuma yao. Nani alikuwa nyuma ya Lester huko Danzig? Swali hilo lina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Yupo mwalimu atakayesema kwamba jina la Lester halimo katika muhtasari wa masomo, na kwamba muda hautoshi. Tunamjibu kwamba hatupendekezi kuongeza mada mpya. Mada ni ile ile ya Shirikisho la Mataifa. Tunabadilisha mlango wa kuingilia. Wala mtihani usiulize jina la Lester au tarehe ya kuzaliwa kwake. Uulize maswali kama haya: "Eleza kwa nini Peru ilikubali kuondoka Leticia baada ya kukataa kwanza." Au: "Kama mngekuwa Baraza mwezi Julai 1936, mngemjibuje Greiser, na jibu lenu lingegharimu nini?" Swali la pili halina jibu moja sahihi, na mwalimu asahihishe kwa kuangalia hoja, si kwa kuangalia kama mwanafunzi anakubaliana naye.

Kwa wanafunzi wa Tanzania liko jambo jingine la kugusia. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na Uingereza iliyoitawala ilipaswa kutoa taarifa kila mwaka mbele ya Shirikisho hilo. Hivyo Geneva haikuwa mahali pa mbali pasipotuhusu. Wanafunzi waliojifunza juu ya malalamiko ya Danzig wataelewa kwa urahisi zaidi thamani na mipaka ya haki ya kupeleka malalamiko mbele ya chombo cha kimataifa, jambo ambalo wazee wetu walilitumia baadaye mbele ya Umoja wa Mataifa katika kudai uhuru.

HITIMISHO

Lester hakuacha kazi baada ya Danzig. Mwaka 1940, Ujerumani ilipokuwa imeshinda karibu Ulaya yote ya magharibi, Katibu Mkuu Joseph Avenol alijiuzulu, na Lester akashika nafasi yake. Kwa muda wote wa vita alibaki Geneva na watumishi wachache, mbali na familia yake, akihifadhi ofisi, nyaraka na kazi za kiufundi za Shirikisho. Mkutano Mkuu wa mwisho ulifanyika Aprili 1946, ukavunja Shirikisho na kukabidhi mali yake kwa Umoja wa Mataifa. Mwisho wa mwaka huo Tanganyika nayo iliingia chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Lester alistaafu na kurudi Ayalandi, ambako alifariki mwaka 1959.

Umoja wa Mataifa umepeleka tume za utawala wa muda na walinda amani katika sehemu nyingi za dunia, zikiwemo za Afrika, na mwanafunzi aliyesoma habari za Leticia atatambua kwamba jambo hilo halikuanza juzi. Aliyesoma habari za Danzig naye atajua nini cha kuuliza kila anaposikia kwamba tume imetumwa mahali: pande zote zinataka kutoka? Zimefunguliwa mlango gani? Na ni nani atakayesimama nyuma ya uamuzi siku utakapopingwa? Mwalimu atakayewafikisha wanafunzi wake kwenye maswali hayo matatu atakuwa ameifundisha mada hii kikamilifu, hata kama baadhi ya tarehe zitasahauliwa.